Sambusa Hunywa Mafuta Ikishatoka Karaini

Sambusa yangu ya kwanza ya adesi ilipasuka kabla sijaigeuza. Ilikuwa Ramadhani, jua limeshaanza kulegea, na kazi ya karai nilikuwa nimejitwika mwenyewe kwa majigambo. Ile sambusa ilipotumbukia ilitulia kidogo, ikavimba upande mmoja kama shavu la mwenye jino bovu, kisha pwaa! Adesi zikamwagika ndani ya mafuta na kuungua zote, na matone mawili yakanirukia mkononi. Shangazi, aliyekuwa akikata kachumbari, hakuinua hata uso. “Hukutia adesi humo, mwanangu,” alisema. “Umetia mchuzi.”

Ilikuwa fizikia tupu, ingawa yeye hakuiita hivyo. Maji yakigeuka mvuke kwenye nyuzijoto 100 hutanuka karibu mara 1,700. Kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5, hutoa zaidi ya lita 8 za mvuke, na mvuke huo sharti utafute pa kutokea. Ukiwa kidogo hupenya taratibu kwenye vitundu vya manda, lile ganda la unga. Ndivyo vile viputo vinavyocheza kuizunguka sambusa karaini. Ukiwa mwingi, na ganda limeshaanza kukauka, haubishi hodi.

Tangu siku hiyo kila ninachofanya jikoni kwa ajili ya sambusa nakipima kwa swali moja: maji yako wapi, na yanakwenda wapi? Na swali hilo lina uzito zaidi kwa sambusa isiyo na nyama, kwa sababu mboga na mbegu za jamii ya kunde zikishapikwa hubeba maji mengi kuliko nyama ya kusaga iliyokaushwa vizuri.

Anayetaka kula bila nyama, mayai, maziwa wala samli hana haja ya kubuni kitu kipya hapa. Manda ya kwetu ni unga wa ngano, maji, chumvi na mafuta ya kupikia. Hata gundi ya kufungia ni unga uliokorogwa kwa maji. Ethiopia, waumini wa Kanisa la Othodoksi huacha nyama, maziwa na mayai kwa zaidi ya siku 180 za mwaka, na sambusa ya adesi imewavusha mifungo mingi. Kwa Wahindi wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wasiokula nyama, ya viazi na njegere ni chakula cha kila siku. Miongoni mwao Majaini, wafuasi wa dini ya Ujaini, walio washika dini hawali hata viazi wala vitunguu kwa kuwa vinachimbwa ardhini. Wao hutia ndizi mbichi zilizochemshwa, na ukionjeshwa bila kuambiwa unaweza kuapa kwamba umekula kiazi.

Nyama ndiyo iliyotangulia, lakini. Jina limetoka katika neno la Kiajemi, sanbosag, na masikio yetu ya pwani yamelihifadhi vizuri kuliko samosa ya Wahindi. Msafiri Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisimulia wali wa samli na achari alizokaribishwa Mogadishu. Sambusa aliieleza baadaye, katika karamu za sultani wa Delhi: mkate mwembamba uliofungwa nyama ya kusaga pamoja na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, ukakaangwa kwa samli. Kiazi hakikuwamo, wala kisingeweza kuwamo. Kilikuwa bado kwao, milima ya Andes huko Amerika Kusini, na pilipili pia ilikuwa bado bara hilohilo.

Turudi jikoni, kwenye kibao cha kusukumia. Kwa nusu kilo ya unga natia kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwili vya chakula vya mafuta na maji kama mililita 280, mengine nikiyaweka pembeni kwa tahadhari. Unga wa ngano una protini za aina mbili zinazotuhusu: gliadini, inayoufanya uvutike, na glutenini, inayoufanya urudi kama mpira. Zikipata maji na kukandwa hushikana zikawa wavu mmoja uitwao gluteni. Ukisukuma donge mara tu baada ya kulikanda, litakuwa linajikunja kila ukiinua kifimbo. Lifunike nusu saa. Wavu utalegea wenyewe, na donge lililokuwa likikubishia litalala chini kama kitambaa.

Halafu unakuja ufundi ambao kwangu ndio mzuri kuliko yote katika upishi wa pwani. Husukumi manda moja moja. Unasukuma vidonge vinne vya ukubwa wa kisahani, unapaka mafuta juu ya kila kimoja, unanyunyiza unga mkavu, unavipanga kimoja juu ya kingine, kisha unavisukuma vyote kwa pamoja mpaka viwe chapati moja pana na nyembamba. Chapati hiyo huwekwa kwenye chuma kikavu chenye moto wa wastani, upande huu sekunde chache, upande ule sekunde chache, ikabanduliwa ingali moto. Zinatoka manda nne, kila moja nyembamba kuliko ambavyo mkono wowote ungeweza kuisukuma peke yake.

Mafuta na unga mkavu huzuia gluteni ya tabaka moja isishikane na ya tabaka jirani. Joto la chuma hugeuza maji ya unga kuwa mvuke, nao husukuma kutoka ndani na kuyatenga matabaka. Kwa hiyo mvuke uleule ulionipasulia sambusa ndio ulionitengenezea manda. Wakati huohuo wanga wa ngano, ukifika nyuzijoto 60 hivi, hunywa maji na kuvimba, na protini huanza kukaza. Manda inakuwa imeiva nusu na imeshapoteza sehemu ya maji yake, ndiyo maana ikiingia karaini haifanyi malengelenge makubwa kama unga mbichi. Ila ifunike kwa kitambaa chenye unyevu kidogo unapokata na kukunja. Ikiachwa wazi inakauka na kuvunjika kwenye mkunjo, na pale penye ufa ndipo adesi zitakapotokea.

Neno adesi lina mitego yake. Mtu wa bara Kenya atakwambia kamande. Ukisema dengu Tanzania unaweza kupewa zile kubwa za kutengenezea bajia, na ndengu ya Nairobi ni choroko ya Dodoma na pojo ya Mombasa. Ninazozisema ni zile bapa, ndogo, za kahawia, zikiwa na maganda yake. Nyekundu ziache kwa ajili ya mchuzi: zimekobolewa, ganda lililokuwa likiishika punje halipo, na dakika kumi na tano tu zinakuwa uji.

Nazichambua, naziloweka na kuyamwaga yale maji. Pamoja nayo hutoka sehemu ya sukari za jamii ya rafinosi, ambazo matumbo yetu hayana kimeng’enya cha kuzivunja. Zikifika utumbo mpana bakteria huzichangamkia na kutoa gesi, mambo ambayo msikitini wakati wa tarawehe kila mtu huyajua na hakuna anayeyataja. Kisha nazichemsha kwa maji mapya yenye chumvi, dakika 20 hivi, mpaka zilainike bila kupasuka. Nikiona zinakimbilia kuvurugika naongeza nyanya au maji ya ndimu, kwa sababu tindikali huzuia pektini, ile gundi inayoshikilia kuta za seli za mimea, isiyeyuke haraka. Nikimaliza namimina kwenye chujio, halafu, na hili ndilo nililoliruka siku ile, nazitandaza kwenye sinia pana zingali moto. Maji yanayobaki juu ya punje huondoka na mvuke. Ukizifunika kwenye sufuria, mvuke hugonga kifuniko na kurudi chini ukiwa matone.

Kitunguu ni maji karibu asilimia 90, na mimi nakitia mara mbili. Sehemu nakikata vidogo, nakinyunyizia chumvi na kukiacha. Chumvi huyavuta maji kutoka ndani ya seli, na baada ya robo saa nakikamua kwa ngumi mpaka kisitoe kitu. Sehemu nyingine nakikaanga hadi kiwe na rangi ya udongo. Hapo ndipo ladha ya nyama inapotafutiwa mbadala. Mwaka 1912 Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na amino asidi zinavyoungana kwenye joto na kuzaa rangi ya kahawia pamoja na harufu nyingi mpya. Jambo hilo hushika kasi joto likipita nyuzijoto 140 hivi, na kitunguu chenye maji hakivuki 100. Kwa hiyo usiwe na haraka nacho. Kitalia kwanza, kikinyamaza ndipo kinaanza kugeuka rangi. Nyanya ya kopo na uyoga uliokaushwa ukasagwa huongeza ile ladha ya supu nzito ambayo Mjapani Kikunae Ikeda aliipa jina la umami mwaka 1908. Bizari nyembamba na gilgilani nazitia kwenye mafuta ya vitunguu, si kwenye adesi, kwani harufu zake huyeyuka vizuri katika mafuta kuliko katika maji.

Karai sasa. Mafuta yawe kati ya nyuzijoto 170 na 180. Asiye na kipimajoto atupe kipande cha manda: kikizama na kukaa chini, mafuta bado, kikiibuka mara moja na viputo vyake, tayari. Ndani kila kitu kimeshaiva, kazi iliyobaki ni ya ganda, na dakika tatu hadi nne zinatosha.

Wengi tunaamini sambusa hunywa mafuta inapokaangwa. Inapokaangwa hainywi sana. Maadamu viputo vinatoka, mvuke unasukuma kwa nje na mafuta hayapati pa kuingilia. Kuna watafiti waliokaanga vipande vyembamba vya viazi, wakatia rangi katika mafuta mwishoni kabisa, muda mfupi kabla ya kuviopoa. Vipande vikakutwa vimebeba mafuta ya rangi kama vile rangi ilikuwamo tangu mwanzo. Mafuta mengi huingia baada ya kuopoa: ganda likianza kupoa, mvuke uliomo kwenye vitundu hugeuka tena kuwa maji, nafasi inabaki tupu, na yale mafuta yaliyobaki juu ya sambusa hufyonzwa ndani.

Ndiyo sababu shangazi hazipangi sambusa zake kwenye sahani. Huziinua kwa upawa wa matundu, huzitikisa juu ya karai mara tatu, kwa nguvu, kama anayekung’uta mkeka, kisha huzisimamisha wima ndani ya chujio, pembe juu, zisilaliane. Muda wa kuyaondoa hayo mafuta ni mfupi mno, na yeye hakuhitaji kupimiwa na mtu.

Zilizobaki siku ile, zile ambazo hazikupasuka, tulizikuta daku zimelainika. Maji ya adesi yalikuwa yamesafiri usiku kuelekea kwenye ganda kavu. Nilizipanga kwenye chuma kisicho na mafuta, moto mdogo, nikakaa nazisikiliza. Baada ya dakika kama tano zikaanza kutoa kasauti kembamba, fss, fss.

“Geuza,” alisema shangazi kutoka chumbani.