Hesabu Isiyokubali Kugawanywa

Katika nchi ya Bariadi, mkoani Simiyu, pamba hupandwa kwa mistari. Chukua mbegu 12 za pamba, uzipange chini kwa mistari iliyo sawa: zaweza kuwa mistari miwili ya mbegu sita sita, au mitatu ya nne nne. Sasa ongeza mbegu moja, ziwe 13, ukajaribu tena. Utahangaika bure, kila mara mstari mmoja utapungukiwa. Hesabu ya namna hii, ambayo haigawanyiki sawasawa ila kwa moja na kwa hesabu hiyo yenyewe, huitwa namba tasa. Mzee aachaye ng'ombe 13 kwa wanawe watatu huwaachia na shauri pia.

Hesabu ndogo ni rahisi kuzijua. Lakini kubwa je? Tufanye hivi. Siku ya kwanza ya mwezi tia mbegu moja katika kapu, siku ya pili mbili, ya tatu nne, ya nne nane. Kila siku maradufu ya jana. Siku tatu zikipita kapu lina mbegu 7. Siku tano, 31. Siku saba, 127. Zote ni namba tasa. Lakini usifurahi upesi: siku 11 hutoa 2,047, nayo ni 23 mara 89.

Mwezi wa siku 31 ukiisha, mbegu zitakuwa 2,147,483,647. (Kapu lilikwisha pasuka zamani.) Je, hizo zaweza kugawanywa sawasawa? Hapana haja ya kujaribu vigawanyo vipitavyo 46,340, kwa maana kigawanyo kikubwa huwa na mwenziwe aliye mdogo, naye tungalikwisha mwona. Hata hivyo ni nani atakayegawanya mara elfu arobaini na sita kwa mkono?

Aliyelimaliza shauri hili ni Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel katika Uswisi. Mwaka 1772 alikuwa mzee, na macho yake yamekaribia kupofuka kabisa. Hakuanza kwa kugawanya, bali kwa kufikiri. Alitambua ya kuwa kigawanyo cho chote cha hesabu ile, kama kipo, lazima kikigawanywa kwa 248 kibakishe 1 au 63. Basi majaribio yale maelfu yakapungua, yakawa chini ya 400. Hakuna hata kimoja kilichofaa. Hesabu ile ni tasa.

Namba tasa hazina mwisho. Euclid, Myunani, alithibitisha hayo yapata miaka 300 kabla ya Kristo. Mwezi wa Oktoba 2024, kwa msaada wa kompyuta, ilipatikana iliyo kubwa kupita zote zilizojulikana hata siku ile. Kuifikia kwa kapu letu kungetaka siku 136,279,841, yaani zaidi ya miaka 370,000. Ina tarakimu 41,024,320. Ukiiandika tarakimu 2,000 katika kila ukurasa, utajaza kurasa zaidi ya 20,000.