Mtungi wa Gesi na Hesabu Zake: Kutoka Bandari ya Mombasa Hadi Jikoni Kisumu

Shangazi yetu aliondoka Mombasa karibu miaka thelathini iliyopita kumfuata mumewe Kisumu, na hadi leo anaishi mtaa wa Kaloleni, mjane mwenye wajukuu wawili wa kulea. Umri wa mtungi wake wa gesi huuhesabu kwa Ijumaa. Mtungi wa kilo 6, kwa mapishi ya nyumba yake, huvuka Ijumaa tatu. Mwezi wa Shaabani uliopita ulivuka mbili tu, ukazimika jioni ya Jumatatu maharage yakiwa hayajaiva. Alipotupigia simu hakulalamikia maharage. Aliuliza swali moja tu: “Wanangu, hii pesa ninayotoa, ninalipia nini hasa?”

Tuliona aibu kidogo, kwa kuwa hatukuwa na jibu. Sisi tulio Pwani tunaziona meli za gesi zikiingia bandarini, na malori ya tangi yakipandisha barabara ya Nairobi tumeyazoea kama tulivyozoea muadhini. Hata hivyo hatujawahi kuketi na kuuliza ile shilingi elfu na mia kadhaa tunayompa mwenye duka inagawanywa na nani. Basi juma hili tumeamua kuufungua mtungi huo, kwa kalamu na si kwa spana.

Kwanza tutofautishe mambo mawili yanayochanganywa mara nyingi. Jamaa zetu walioko Uingereza huletewa gesi asilia kwa bomba hadi jikoni, na bili yao ina sehemu mbili kuu: ada ya kila siku, inayolipwa hata kama hawakuwasha jiko, na bei ya kila uniti waliyotumia, kisha kodi juu yake. Hapa jirani, Tanzania imejaaliwa gesi ya aina hiyo. Iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974, ikaanza kuzalishwa mwaka 2004, na leo zipo nyumba Dar es Salaam zinazopikia gesi ya bomba. Kenya haijafika huko. Gesi tunayopikia sisi, Mombasa au Kisumu, ni propani na butani zilizoshindiliwa zikawa kimiminika ndani ya mtungi. Bili yake haina karatasi wala mita. Ni tarakimu moja tu iliyoandikwa kwa chaki mlangoni pa duka, na ndani ya tarakimu hiyo wamejificha watu wengi.

Wa kwanza yuko mbali sana na Kaloleni. Zamani kiasi fulani cha gesi kilitoka kwenye kiwanda chetu cha kusafishia mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963. Kiwanda hicho kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013, na tangu hapo tunategemea meli. Bei inayofuatwa katika biashara hii ni ile inayotangazwa kila mwezi na kampuni ya Saudi Aramco, kwa dola, kwa kila tani ya propani na ya butani. Juu yake huongezwa nauli ya meli na bima. Kwa hiyo kukiwa na baridi kali Asia na mahitaji yakapanda, au njia za bahari zikichafuka kwa vita, mama wa Kisumu hulipia bila kuambiwa.

Kisha kuna dola yenyewe, na hapa tunaomba msomaji asiwe na haraka, kwani ndipo penye siri kubwa. Tuseme tani moja ya gesi imefika kwa dola 600. Huo ni mfano wetu, wala si bei ya mwezi wowote. Kilo moja basi ni senti 60 za dola. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kwa hesabu hiyo kilo ingefika kwa shilingi 96. Miezi michache baadaye shilingi ilipata nguvu, dola ikashuka hadi karibu 130, na kilo ile ile ingekuwa shilingi 78. Kwa mtungi wa kilo 13 tofauti ni shilingi 234, ilhali Uarabuni hakuna aliyepandisha wala kushusha chochote. Tukisikia redioni kwamba shilingi imeimarika au imedhoofika, tusidhani ni habari za mabenki peke yao. Jiko nalo limo.

Gesi inaposhushwa Mombasa hulipiwa gharama za kuipokea na kuihifadhi. Maghala yanayoweza kupokea meli kubwa za gesi ni machache, na palipo na milango michache wenye milango huwa na sauti. Mwezi wa Februari 2023 kampuni ya Taifa Gas ya Tanzania iliweka jiwe la msingi la ghala la tani 30,000 huko Dongo Kundu. Sisi tunaona ushindani wa aina hiyo ni heri, ingawa tumeishi vya kutosha kujua kwamba ahadi za bei nafuu huwahi kufika kuliko bei nafuu zenyewe.

Kodi nayo ina hadithi yake, na imebadilika mara nyingi kiasi cha kumchosha anayeifuatilia. Mwaka 2016 Serikali iliiondolea gesi ya kupikia kodi ya ongezeko la thamani ili watu waache kuni na makaa. Tarehe 1 Julai 2021 kodi hiyo ilirudi kwa asilimia 16. Mwaka uliofuata ikapunguzwa hadi asilimia 8. Mwezi wa Julai 2023 ikaondolewa tena, pamoja na ada ya tamko la uingizaji bidhaa na ushuru wa reli. Tukichukua mtungi ambao bila kodi ungeuzwa shilingi 2,500, asilimia 16 ni shilingi 400. Mwenye mshahara wa kutosha hukunja uso na kulipa. Kwa shangazi yetu ni nauli na unga wa siku kadhaa.

Wengi wetu tulidhani kwamba kodi ikiondoka asubuhi, bei itashuka adhuhuri. Haikuwa hivyo, na sababu ni kwamba bei ya gesi haipangwi na Serikali. Mamlaka ya Udhibiti wa Nishati na Petroli, EPRA, hutangaza tarehe 14 ya kila mwezi bei za juu za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Gesi ya mitungi haimo katika tangazo hilo. Kila kampuni hupanga yake, na kila duka huongeza lake. Ndiyo maana katika mtaa mmoja, mtungi wa rangi moja na uzito mmoja unaweza kuwa na bei mbili, na anayeuliza maduka matatu kabla ya kununua si bahili.

Sasa safari ya bara. Kisumu kuna kituo kikubwa cha mafuta, na bomba la Kampuni ya Kenya Pipeline linafika hadi huko. Pana hata gati la mafuta ziwani. Wenyeji hujiuliza: mbona gesi yetu ni ghali, na bomba tunalo? Jawabu ni kwamba bomba hilo hupitisha petroli, dizeli na aina za mafuta ya taa, wala halipitishi gesi ya kupikia. Gesi husafiri kwa malori, zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa, ikipitia Nairobi na Nakuru, ikipanda hadi Mau Summit na kuteremka kupitia Kericho hadi ukingoni mwa ziwa. Dizeli ya lori imo ndani ya mtungi. Ujira wa dereva umo, na matairi yamo. Ikifikishwa hujazwa mitungini katika vituo vyenye leseni, kisha humwendea muuzaji wa jumla, wa rejareja, na hatimaye kijana wa boda boda anayeileta mlangoni. Walioko kisiwa cha Mfangano huongeza na nauli ya mashua.

Mtungi wenyewe nao una gharama. Mara ya kwanza mtu hulipa pesa nyingi zaidi kwa kuwa analipia chombo pamoja na kilichomo. Baadaye hulipia kilichomo tu, lakini kampuni hulazimika kuukagua mtungi, kuupaka rangi na kubadilisha valvu, nayo hurudisha gharama hizo katika bei ya kila siku. Tukifikiri vizuri, ni ile ile ada ya kila siku ya jamaa zetu wa Uingereza, ila yao imeandikwa na yetu imefichwa.

Hayo yote ni gharama za halali. Tulipomaliza kumsomea shangazi kwa simu alinyamaza, kisha akasema: “Nimefahamu. Lakini hamjaniambia ile Ijumaa yangu ya tatu imekwenda wapi.”

Alikuwa na haki. Basi tulimwambia atazame mtungi wake mpya kabla ya kuuwasha. Kwenye kola ya juu ya kila mtungi umechongwa uzito wa mtungi mtupu. Wake ulisomeka kilo 7.6. Mtungi wa kilo 6 uliojazwa sawasawa, basi, unapaswa kuwa kilo 13.6. Mizani hakuwa nayo, lakini Kisumu haikosi mizani: jirani yake huuza mbuta, na mizani yake ya kuning’iniza haipumziki. Waliupandisha mtungi wakasoma kilo 12.4.

Kilo moja na gramu mia mbili zilikuwa hazipo. Alikuwa amelipa shilingi 1,400, akidhani ananunua kilo kwa shilingi 233. Kwa kilo 4.8 alizopata, kilo moja ilimgharimu karibu shilingi 292. Alichopoteza ni shilingi 280, pesa inayopita mabadiliko mengi ya kodi tuliyoyataja hapo juu. Hakuna bunge lililoijadili.

Kwa Waislamu jambo hili si geni. Qur’ani Tukufu ina sura nzima, Al-Mutaffifin, iliyopewa jina la hao wapunguzao vipimo. Na katika sheria za nchi, Kenya inayo Sheria ya Mizani na Vipimo, na wapo maofisa wa vipimo wa kupokea malalamiko. Mnunuzi ana haki kamili ya kuomba mtungi upimwe mbele yake. Aangalie pia lakiri juu ya valvu: ikiwa imekatwa au imebandikwa kwa ujanja, mtungi huo huenda umepita mikono isiyoruhusiwa.

Mikono hiyo ndiyo inayotutia hofu zaidi. Kanuni za gesi za mwaka 2019 zilikataza mtu kujaza mtungi wa kampuni nyingine bila idhini ya mwenyewe, kwa sababu anayejaza kichochoroni hajui historia ya mtungi wala hajali. Gesi yake huwa nafuu kwa shilingi mia moja au mia mbili, nasi hufurahia. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaani Embakasi jijini Nairobi, gesi ililipuka mahali palipokuwa pakijaziwa bila kibali, watu wakafa na mamia wakajeruhiwa wakiwa majumbani mwao. Sehemu fulani ya bei tunayolipa katika duka halali ni bei ya kutolala karibu na mahali kama hapo.

Swali la mwisho ni la wale wasio na shilingi 1,400 kwa mkupuo. Nyalenda na Manyatta zipo nyumba nyingi zinazonunua makaa kwa mkebe. Anayetumia makaa ya shilingi 80 kwa siku hutoa shilingi 1,680 kwa siku ishirini na moja, zaidi ya bei ya mtungi wa shangazi unaovuka Ijumaa tatu, na juu yake hununua moshi na masizi. Anajua hesabu hiyo vizuri kuliko sisi. Kinachomzuia ni kwamba themanini huipata leo, na elfu moja na mia nne haioni ikiwa pamoja. Jijini Nairobi kumekuwa na mitungi yenye mita, inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, na tunatamani utaratibu huo uenee hadi ukingo wa ziwa. Hadi hapo, akina mama wa vyama vya kuzungushiana pesa wanaweza kufanya mzunguko mmoja wa mwaka kuwa wa mitungi. Tumesikia upo msikiti ambao akina mama wake wameanza.

Shangazi yetu alirudi dukani na mtungi wake juu ya boda boda, na jirani wa mbuta nyuma yake na mizani. Kijana muuzaji alicheka: “Mama, gesi haipimwi kwa mizani ya samaki.”

“Mwanangu,” alimjibu, “kilo ni kilo. Niletee yako tulinganishe.”

Mizani ya duka ilikuwepo, chini ya meza, imefunikwa gunia. Ilisoma kilo 12.4. Alibadilishiwa mtungi, naye akataka huo wa pili upimwe pia kabla hajaupokea. Ulikuwa kilo 13.5, akasema gramu mia atasamehe kwa ajili ya Ramadhani. Wanawake wawili waliokuwa wakingoja nyuma yake hawakuondoka. Waliomba mizani ibaki pale pale juu ya meza.