Wimbo Usioimbwa: Roki Bila Maneno na Safari Yake Kileleni

Mwaka 1958, vituo kadhaa vya redio vya Marekani, vikiwemo vya New York na Boston, vilikataa kupiga kipande kimoja cha muziki kwa kuogopa kwamba kitawachochea vijana kupigana. Kipande hicho hakina tusi. Hakina hata neno moja. Ni gitaa, besi na ngoma tu, kwa muda usiofika dakika tatu. Mpigaji wa gitaa aliitwa Link Wray, na kipande chake kiliitwa Rumble.

Kwa sisi tunaosoma lugha, kisa hiki kinastahili kutuzuia kidogo. Anayetaka kukataza wimbo kwa kawaida hutafuta mstari wenye kosa, na hapa mstari haupo. Basi kosa lilikuwa wapi? Kwa upande mmoja lilikuwa katika mlio wenyewe: Wray alitoboa spika ya amplifaya yake kwa penseli ili sauti ya gitaa ikwaruze, itoke kama kitu kinachochanika. Lakini kwa upande mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuwa katika jina. Katika lugha ya mitaani ya vijana wa Marekani wakati ule, neno rumble lilikuwa na maana ya vita vya makundi ya vijana. Kabla ya kutolewa, kipande hicho kilikuwa kikiitwa Oddball, yaani mtu wa ajabu-ajabu. Sidhani kama kwa jina hilo kingemtisha mtu yeyote. Neno moja lililochapwa kwenye karatasi ya santuri lilitosha kuwafanya watu wazima wasikie ngumi na visu ndani ya gitaa. Hata hivyo kilipanda hadi nafasi ya 16 katika orodha ya mauzo. Tena Wray hakuchagua kunyamaza kwa kupenda: alipokuwa jeshini aliugua kifua kikuu, akapoteza pafu moja, na kuimba kukawa kazi ngumu kwake.

Kiswahili chenyewe kinatuwekea mtego hapa. Wimbo ni kile kinachoimbwa. Mzizi ni uleule. Kipande kisichoimbwa tukiite nini? Wengine husema muziki wa ala tupu, lakini hilo «tupu» linaonyesha kama kuna kitu kimesahaulika. Mtu wa Lubumbashi au Kinshasa hawezi kukubali neno hilo kwa urahisi, kwa sababu anajua kinachotokea sebene ikianza: waimbaji wanakaa pembeni, gitaa linashika njia, na ndipo watu wanainuka kucheza. Hakuna anayeona kwamba muziki umepungukiwa. Na yule atalaku anayepaza sauti juu ya magitaa, anatupa jina hapa na neno pale. Haimbi beti, anatia alama tu.

Kazi ya namna hiyo, ya neno moja lililotupwa mahali pake, ndiyo iliyofanywa na Tequila ya kundi la The Champs, pia mwaka 1958. Kipande hicho kilitolewa kikiwa upande wa pili wa santuri, upande ambao hakuna aliyeutegemea. Msaksofoni wake, Danny Flores, ndiye aliyekitunga. Muziki unakwenda, unasimama ghafla, naye anatamka kwa sauti nzito jina la pombe ya Meksiko. Anafanya hivyo mara tatu katika kipande kizima, basi. Watangazaji wa redio waligeuza santuri, wakapiga upande huo, na mwezi Machi kikawa cha kwanza Marekani kwa majuma matano.

Kwa nini wakati ule, kati ya 1958 na 1963 hasa? Magitaa ya umeme yalikuwa yameanza kufika mikononi mwa vijana wa kawaida, na kundi la marafiki wanne wasio na mwimbaji mzuri bado liliweza kuchezesha watu katika ukumbi wa shule. Redio nazo zilivihitaji vipande hivi: mtangazaji aliyebakiwa na dakika moja kabla ya taarifa ya habari aliweza kupiga muziki usio na maneno na kuukata popote, bila kumkatiza mtu katikati ya sentensi. Lakini hayo yanaeleza kwa nini vilipigwa, hayaelezi kwa nini watu walivinunua.

Sikiliza Apache, iliyopigwa na The Shadows wa Uingereza mwaka 1960. Mtunzi wake, Mwingereza Jerry Lordan, alipata wazo katika filamu ya Kimarekani yenye jina hilohilo. The Shadows walikuwa wapigaji wa nyuma wa mwimbaji Cliff Richard, watu wa kusimama kivulini kama jina lao linavyosema. Mwezi Agosti mwaka ule santuri yao ilishika nafasi ya kwanza kwa kuiondoa santuri ya Cliff mwenyewe, ikakaa hapo majuma matano. Ukiifuata kwa makini utagundua kwamba gitaa la Hank Marvin linafuata mwenendo wa mwimbaji. Linasema sentensi fupi, linanyamaza kama mtu anayevuta pumzi, linasema nyingine inayoijibu. Beti zipo, kiitikio kipo, na mashine ya mwangwi inaipa kila noti mkia kama sauti ya mtu anayeita bondeni. Msikilizaji anaweza kuimba mdomoni baada ya kusikia mara mbili. Maneno ndiyo yaliyoondolewa. Umbo la wimbo limebaki zima.

Ndiyo maana mpaka haukuisumbua. Wamarekani hawakuijua sana santuri ya The Shadows. Waliinunua Apache ya Jørgen Ingmann, mpiga gitaa wa Denmark, ikafika nafasi ya pili kwao mwaka 1961. Hebu angalia: Mdenmark anapiga kipande cha Mwingereza kuhusu wenyeji asilia wa Marekani, na Wamarekani wananunua, bila mkalimani. Miaka mitatu baadaye The Beatles, pamoja na umaarufu wao wote, waliombwa kurekodi upya nyimbo zao mbili kwa Kijerumani kwa ajili ya soko la Ujerumani.

Ni hao The Beatles, na makundi ya waimbaji yaliyowafuata, waliofunga mlango huo tangu 1964. Haukufungwa kabisa. Albatross ya Fleetwood Mac iliongoza Uingereza mwanzoni mwa 1969, na Frankenstein ya kundi la Edgar Winter iliongoza Marekani mwezi Mei 1973. Jina hilo lilitokana na jinsi kipande kilivyoungwa kwa vipande vya ukanda vilivyokatwa, kama lile jitu la hadithini. Lakini zilikuwa ajali njema, moja moja.

Kipande kinachonivutia kuliko vyote ni Telstar ya The Tornados. Setilaiti ya Telstar ilirushwa tarehe 10 Julai 1962. Mwezi Agosti santuri ilikuwa dukani. Mwezi Oktoba ikaongoza Uingereza, Desemba ikaongoza Marekani, na kabla ya hapo hakuna kundi la Uingereza lililokuwa limefika huko. Sauti yake kuu ni ya kinanda kidogo cha umeme, klaviolini. Bila jina lile ungeweza kudhani ni muziki wa sarakasi. Kwa jina lile, watu walisikia anga. Baadaye mwimbaji Margie Singleton aliirekodi ikiwa imetiwa maneno, haikufika popote.

Aliyeitunga na kuirekodi ni Joe Meek, katika nyumba ya kupanga juu ya duka la bidhaa za ngozi, barabara ya Holloway, London. Mtunzi Mfaransa, Jean Ledrut, alimshtaki kwamba ameiba muziki wake wa filamu Austerlitz. Fedha za mtunzi zikazuiliwa. Hapakuwa na maneno ya kulinganisha, ni noti kwa noti, na kesi iliamuliwa kwa faida ya Meek akiwa amekwisha kufa, mwaka 1967, bila kuziona fedha hizo.

Meek hakujua kusoma noti wala kupiga ala. Ili wanamuziki waelewe alichotaka, aliweka muziki mwingine kabisa nyuma, akawasha mashine ya kurekodi na kuimba sauti hiyo mwenyewe, bila maneno, mara akiwa ndani ya ufunguo, mara nje. Ukanda huo ungalipo. Na mwishoni mwa Telstar yenyewe, kinanda kinaporudia kwa mara ya mwisho, kuna sauti ya mtu inayopanda pamoja nacho, haitamki kitu.