Seli ya kawaida ya mmea inavyogeuka kuwa kiinitete

WENGI wetu tunajua kwamba mche hutoka katika mbegu, na mbegu hutokana na ua lililochavushwa. Lakini mwaka 1958 Frederick Steward, wa Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, na Jakob Reinert wa Ujerumani, kila mmoja kwa utafiti wake, walionyesha kwamba seli za karoti zikilelewa maabara zinaweza kuunda viinitete bila ua wala chavua.

Inawezekanaje? Kila seli ya karoti, iwe ya jani au ya mzizi, hubeba maelekezo yote ya kujenga mmea mzima, ila sehemu kubwa huwa imefungwa. Seli huwekwa kwanza katika lishe yenye homoni aina ya oksini, mara nyingi 2,4-D, ile ile inayotumika kuulia magugu. Cha ajabu ni kwamba homoni hiyo huiamsha seli, lakini isipoondolewa baadaye, kiinitete hakiendelei kukua.

Jeni zinazohusika zilianza kufahamika miaka ya 1990. Mwaka 1997 ilitangazwa SERK, inayofanya kazi katika seli za karoti zenye uwezo wa kuwa kiinitete. Ikafuata LEC1 mwaka 1998 na BABY BOOM mwaka 2002. Hizi mbili ni mithili ya swichi kuu: zikiwashwa kupita kiasi katika mmea mdogo wa Arabidopsis, viinitete huchipuka juu ya majani yenyewe.

Hata hivyo, kuifungua seli namna hiyo kuna gharama, na wakulima wa michikichi nchini Malaysia wanaijua. Miche iliyozalishwa maabara kutokana na michikichi bora ilikua vizuri, lakini baada ya miaka kadhaa shambani baadhi yake ikazaa matunda yenye kasoro na mafuta haba. Hasara hiyo haikuweza kuonekana mapema.

Chanzo kilibainika mwaka 2015. Mpangilio wa jeni haukuwa umebadilika. Kilichopotea ni alama za kikemikali zinazofunika kipande kiitwacho Karma, kilichomo ndani ya jeni ya maua. Kwa ugunduzi huo, jani la mche linaweza kupimwa na wenye kasoro ukatupwa kabla haujafika shambani.