Chema Hakijiuzi Peke Yake

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kauli hiyo ilisibu zama ambazo mnunuzi na muuzaji walikuwa wakijuana kwa majina. Katika viwanja vya maonyesho, hata hivyo, chema na kibaya hupangwa safu moja, na mpita njia ana dakika chache tu za kuvipambanua. Kwa hiyo leo tumeona inafaa tuzungumzie jambo ambalo wengi hulidhania dogo, nalo ni namna ya kupanga banda la maonyesho.

Kila ifikapo Sabasaba jijini Dar es Salaam, na kila Januari hapa Unguja tunapoadhimisha Mapinduzi ya 1964, idara, mashirika na vyama vyetu vya ushirika hupeleka bidhaa zao. Fedha za umma hutumika kwa kodi ya eneo, usafiri na posho. Ni haki ya mwananchi kuuliza fedha hizo zimerejesha nini.

Mwaka mmoja tulifika katika banda la idara moja ya umma. Meza ndefu yenye kitambaa ilikuwa imeziba mlango. Ukutani palitundikwa jedwali la takwimu ambalo hata mwenye miwani angelisoma kwa taabu. Karafuu, fahari ya visiwa hivi, zilitiwa ndani ya chupa iliyofungwa, harufu isitoke. Mgeni mmoja aliuliza bei ya tani moja. Kijana aliyekuwepo akajibu kwa adabu: "Mkubwa ametoka, bwana." Mgeni akashukuru, akenda zake. Hatukumlaumu kijana yule, kwani aliwekwa pale kulinda meza, hakufundishwa kuuza.

Banda jema huanzia kwenye karatasi. Banda la kawaida lina mita 3 kwa 3. Kabla fundi hajapiga msumari, wahusika wajiulize: mgeni akiondoka hapa, akumbuke jambo gani moja? Kisha wachore, wapime eneo hilo kwa kamba uwanjani, waweke meza na watu, na mmoja wao asimame mbali aseme anachokiona. Herufi za sentimita 2 na nusu husomeka vyema kwa umbali wa mita 3. Anayetaka kusomwa kutoka mita 12 aandike za sentimita 10. Meza ikae ubavuni, mlango uwe wazi, na taa imulike bidhaa, isimchome mgeni machoni.

Bidhaa nayo ieleze ilikotoka. Karafuu zitandazwe juu ya mkeka, mbichi zikipatikana, zilizoanza kukauka, na kavu, mgeni azishike na kuzinusa. Kando yake yawekwe makonyo na mafuta yatokanayo nayo. Mwani, unaolimwa kibiashara Zanzibar tangu 1989, uonyeshwe unavyofungwa kwenye kamba, unavyokaushwa, hata ukafikia kuwa sabuni. Na aliyeulima awepo mwenyewe aulizwe. Bei, kiasi kinachopatikana na muda wa kufikisha mzigo viandikwe wazi, na liwepo daftari la kuandikia majina ya wanunuzi.

Wapo watakaosema haya ni mapambo tu. Sivyo. Mama wa Paje au Jambiani anayeingia baharini maji ya bamvua yakipwa, na mchumaji anayepanda mkarafuu kule Pemba, hawana uwezo wa kumfuata mnunuzi aliko. Banda ndilo mlango wao.

Tunatoa wito kwa wakuu wa idara na mashirika: matayarisho yaanze miezi mitatu kabla, wahudumu wapewe mafunzo, na baada ya maonyesho itolewe taarifa ya wanunuzi waliopatikana, si ya wageni waliopita. Taarifa hiyo isomewe pia wakulima wenyewe.