Unatoka Hale na Baiskeli Gani?

Mwanangu, kama una mzuka wa safari ndefu za baiskeli ukitokea hapa Hale, usianze kwa kudata na rangi dukani. Anza na njia. Lami ya Segera kwenda Tanga ni habari moja. Muheza kupanda Amani ni vumbi, mawe na mlima kinoma, na Mombo mpaka Lushoto ni kilomita 30 na ushee za kona na kupandisha tu.

Phoenix ya Mchina naipa heshima zote. Inabeba magunia, na spea zake zipo mpaka vijijini. Kwa njia za mashamba ya mkonge inatosha kabisa. Ila gia ni moja, na zile breki za vyuma zikilowa mvua zinashika kivivu. Kushuka nayo Lushoto ukiwa na mzigo ni kujilipua.

Ukiwa na mshiko kidogo, saka mtumba yenye gia, fremu ya chuma, tairi pana za inchi 26. Shokapu za mbele achana nazo. Wana wengi wanazipenda, lakini zile za bei chee ni uzito wa bure, zinakunyonya nguvu mlimani, na zikifa fundi wa kijijini hana la kufanya. Fremu ya chuma ikipasuka, mchomeleaji wa Korogwe anaiunga, unasepa.

Wengi wanapigwa kwenye saizi. Simama katikati ya fremu, nyayo zote chini. Bomba la juu likikugusa, hiyo si yako. Panda, weka kisigino kwenye pedeli iliyo chini kabisa: mguu unyooke bila kiuno kuyumba. Muuzaji akisema utaizoea, kausha, sepa. Magoti hayazoei. Kisha inua, zungusha ringi uone kama inayumba, jaribu gia zote, hasa ile nyepesi kabisa, maana ndiyo itakayokufikisha Amani. Cheki pia matundu ya kufungia keria. Mzigo utaukaza kwa mpira wa tyubu kuukuu, fresh tu.

Ukishainunua, usikimbilie Lushoto. Piga Hale–Korogwe na kurudi, ukiwa na mzigo kamili, tyubu ya akiba, viraka na pampu. Funga na kioo upande wa kulia, kwa sababu mabasi ya njia hiyo hayana masihara.