Lango Lililopona Moto

Mwanamke anapita peke yake mbele ya lango kubwa jekundu la hekalu. Theluji inaanguka na upepo unampiga, naye ameinamisha mwavuli hata uso hauonekani. Ndiyo picha nzima. Hekalu ni Zojoji, eneo la Shiba, jijini Tokyo. Mchoraji ni Kawase Hasui, mwaka 1925.

Ukiitazama bila kujua yaliyotangulia utadhani ni kazi ya mtu aliyestarehe. Sivyo. Septemba 1, 1923, saa sita kasoro dakika mbili mchana, watu wakiwa wamewasha majiko, tetemeko la ardhi liliipiga Tokyo na Yokohama. Moto ukaenea mtaa kwa mtaa. Zaidi ya watu 100,000 walikufa au hawakuonekana tena. Nyumba ya Hasui iliteketea pamoja na madaftari yake ya michoro, zaidi ya 180, aliyoyajaza safarini. Mchapishaji wake, Watanabe Shozaburo, naye alipoteza duka, akiba ya picha na mbao za kuchapia.

Mwandishi yeyote aliyewahi kuondoka kwao ghafla akaacha madaftari nyuma hahitaji kuelezwa zaidi.

Hasui hakukaa kulia. Kabla mwaka haujaisha alishika njia, akazunguka mikoani miezi kadhaa akichora upya. Aliporudi akaanza mfululizo wa mandhari 20 za Tokyo, na humo akaliweka lango la Zojoji, lililojengwa mwaka 1622 na ambalo tetemeko lile halikuliangusha.

Jina lililo kwenye picha ni lake, lakini mikono ni mingi. Yeye alichora tu. Mchongaji alihamishia mchoro kwenye mbao za mcheri, rangi hii na ubao wake, rangi ile na wake. Kisha mpigachapa alilaza karatasi yenye unyevu juu ya ubao na kuisugua mgongoni kwa mkono, ubao mmoja baada ya mwingine. Karatasi ikisogea kidogo tu, wekundu wa lango unamwagikia theluji. Na theluji yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni karatasi iliyoachwa bila rangi!

Mwaka 1945 mabomu ya Marekani yaliunguza sehemu kubwa ya hekalu. Lango likapona tena. Miaka michache baadaye serikali ya Japani ilitaka kuweka kumbukumbu ya ufundi huu usije ukapotea, na Hasui akawa miongoni mwa walioagizwa kazi. Picha yake ilitoka 1953: Zojoji ileile, katika theluji.

Alifariki Novemba 1957. Picha yake ya mwisho, ya hekalu la Hiraizumi kaskazini mwa Japani, mafundi waliimalizia yeye akiwa hayupo, nakala zikagawiwa ndugu na marafiki. Inamwonyesha mtawa mmoja, katupa mgongo, akipanda ngazi katika theluji kuelekea hekaluni.